Jibu la Barua ya Bwejuu

Mwanangu Saada,

Barua hii haina salamu juu. Salamu zangu nilizimaliza zamani katika barua za watu, na ukisoma hadi chini utajua nilivyozimaliza. Nipokee hivi hivi, kama mtu aliyeingia bila kupiga hodi kwa sababu nyumba ni yake.

Kesho asubuhi unapanda meli hapa Unguja, bandarini Malindi, unakwenda Dar es Salaam kujifunza uuguzi. Habari za maji ya kuchemsha, na mafuta ya nazi, na nani wa kukaa naye melini na nani wa kumkimbia, mama yako amezianza tangu Jumatatu na bado hajamaliza. Simuingilii. Mimi nina neno moja tu, lakini ni neno la aibu, na neno la aibu ni kama kabati: halipiti mlangoni mpaka utoe kwanza viti na mikeka. Kwa hiyo vumilia viti vyangu.

Neno lenyewe ni juu ya ile barua uliyoniandikia kutoka Bwejuu ulipokuwa na miaka kumi. Sitaki uvuke bahari ukiwa bado unaamini unayoyaamini juu ya barua ile.

Naandika nimekaa skuli, kwenye dawati la watoto wa darasa la kwanza, magoti yangu jirani na masikio. Mwalimu Rukia huniachia ufunguo kisomo cha watu wazima cha alasiri kikimalizika. Leo siku ya tisa naandika na kunakili upya, na mkono unaniuma kuliko gunia lolote lililowahi kunilalia begani. Rukia alitaka anisahihishie, nikamkatalia. Rukia huyu, mtoto aliyekula jikoni kwetu, akachapwa na mama yako kwa kuchovya mkono wa kushoto kwenye sinia, leo ananiambia "Shikamoo, Mzee Makame" mlangoni, na tukishaingia ndani ananisimamisha mbele ya watu nimtajie herufi. Makosa yaliyomo humu ni yangu mwenyewe. Nimeyaacha ili ujue hakuna aliyenishika mkono.

Sasa kiti cha kwanza.

Wewe umenijua mimi mpiga chapa wa magunia. Miaka ishirini na kitu katika ghala la karafuu: kibati kilichotobolewa herufi mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia, rangi nyeusi mpaka puani. Unaweka kibati juu ya gunia, unapiga brashi, unakiinua, herufi zimekaa kama askari. Hakuna aliyenishinda. Hata kibati kilipovunjika niliweza kuzichora kwa mkono, na bwana wa ghala hakuona tofauti. Watu wa mtaani wakipita wananiona nimezungukwa na maandishi, wakasema: huyu Makame msomi. Na mimi, mwanangu, sikuwakatalia. Mtu akikutia kichwani kilemba usichokinunua, utakivua ukasema si changu?

Ukweli ni kuwa nilisoma chuoni kwa maalim mpaka nikahitimu juzuu kadhaa, na herufi za Kiarabu nazijua hadi leo. Bakora za maalim zilinifunza nusu, uvivu wangu ukakataa nusu. Lakini hizi za skuli, nilikuwa nazijua kwa sura tu, kama unavyomjua mtu unayepishana naye sokoni kila siku, hujui jina lake wala kwao.

Basi wakaanza kuniletea barua. Bi Hadia, huyu jirani yetu wa mlango wa pili, ndiye aliyefungua njia. Mwanawe alikwenda Tanga kufanya kazi. Barua ya kwanza ilipofika akaja nayo barazani, kaishika kwa mikono miwili. Pale pale ningesema "Bi Hadia, sijui kusoma," mambo yangekwisha. Nikavaa miwani. Ile miwani niliachiwa na karani mmoja wa ghalani alipohama. Haikunifaa macho, ilinifaa heshima. Nikaikunjua karatasi, nikakohoa, nikaanza: "Kwa mama yangu mpenzi, salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, wasiwasi wangu ni juu yako." Kila barua duniani huanza hivyo, nikajua siwezi kukosea. Kisha nikamtazama usoni. Akikunja uso, nasema mwanawe alikuwa na homa lakini imeshapoa. Akitabasamu, naongeza salamu za kuku na paka. Akaondoka amefurahi, na jioni ikaja bakuli ya mkate wa mofa na samaki. Toka siku hiyo nikawa msomaji wa mtaa.

Usicheke bado. Au cheka sasa, maana mbele hapachekeshi sana.

Unaukumbuka mwaka ule mama yako alipougua tumbo, akachukuliwa nyumbani juu ya kitanda na watu wanne, akalazwa hospitali, akapasuliwa. Watoto hawakuruhusiwa kumwona. Mimi mchana niko ghalani, jioni niko hospitali, na wewe uko peke yako nyumbani na sufuria. Nikakupeleka kijijini Bwejuu kwa shangazi yako Mosi. Skuli zilikuwa zimeshafunguliwa kwa kila mtoto, nikasema utasoma huko huko, mama akipona utarudi. Nilikuambia "mama yako hajambo." Kila mtu alikuambia "mama hajambo," kwa sauti ile ile tunayoitumia wakubwa tukimwambia mtoto uongo. Siku hiyo haikuwa uongo, lakini ungejuaje?

Baada ya mwezi, utingo wa gari la shamba akanishushia barua, imekunjwa mpaka imekuwa kama hirizi. Ilikuwa barua yako ya kwanza duniani. Sijui kama nimewahi kufurahi vile. Barazani walikuwapo watu sita au saba, nikavaa miwani, nikaikunjua, nikaona herufi zako kubwa zinapanda na kushuka kama ngazi ya msikiti. Wakasema, haya tusomee, binti anasemaje? Nikawasomea. Nikasema anasema hajambo, anakula vizuri, skuli kapewa nafasi ya mbele, shangazi anampenda, anamsalimu mama yake, na anataka makubadhi mapya. Wakasema mashaallah. Jioni nikamsomea mama yako kitandani maneno yale yale, akalia kwa furaha, akasema, "Mnunulie makubadhi." Nikakununulia, ya ngozi, mekundu, yenye nakshi ya dhahabu, nikampa utingo akuletee.

Mlango wa tatu kutoka kwetu, Saada, alikuwa anakaa karani wa posta. Hatua kumi na mbili. Nimezihesabu wiki iliyopita. Ningekwenda kwake nikamwambia nisomee barua ya mwanangu. Sikwenda, kwa sababu angejua.

Uliporudi ulikuwa umeshakaa miezi minne. Ulishuka garini na makubadhi yako mkononi, hayajavaliwa hata mara moja. Mama yako alikuwa amekaa ukumbini juu ya mkeka. Ulisimama mlangoni ukamtazama, kisha ukaenda ukapiga magoti ukamshika miguu, mmoja kisha wa pili, ukaishikilia. Nami niliyekaa pembeni nikajisifu kwa majirani: mmeona mtoto alivyo na adabu? Kamshika mama yake miguu.

Na toka siku ile hukuniomba kitu tena. Daftari ukaomba kwa mama. Viatu vilichanika ukavishona mwenyewe. Fomu ya kwenda Dar es Salaam umeijaza peke yako, nikaisikia habari imeshakwisha. Na hilo pia nilijisifia. Nilisema: mwanangu si mtu wa kuombaomba, huyu kachukua kwangu.

Sasa njoo kwenye kisomo.

Ilipotangazwa mwaka jana kuwa watu wazima nao wasome, aliyekwenda kujiandikisha nyumbani kwetu ni mama yako, hakuniuliza. Nikamfuata nimcheke. Nikakuambia wewe namsindikiza mama yako asije akaibiwa, ukacheka. Siku ya kwanza Rukia akauliza kila mtu anataka nini kwa kusoma huku uzeeni. Kheri mchukuzi akasema amechoka kuweka dole gumba badala ya sahihi, kwa sababu karani humshika kidole akakikamua kama ndimu. Anataka siku moja aombe kalamu, karani asubiri. Mama yako akasema anataka ajue chupa ya dawa inasema kijiko kimoja au vitatu, maana alipotoka hospitali aliwahi kunywa dawa ya kuchua. Bi Hadia akasema anataka asome barua za mwanawe mwenyewe. "Nimpumzishe Mzee Makame," akasema, "kanihangaikia miaka." Nikatazama mlango uko wapi.

Ikafika zamu yangu. Nikasema mimi nimesindikiza tu. Rukia akanipa chaki, akasema, "Wewe Mzee si msomi? Hebu tuandikie neno ubaoni." Nikasimama, nikachora maandishi ya gunia, kubwa, zuri, kila herufi imenyooka. Rukia akatazama, akasema, "Umeandika nini, Mzee?"

Nikasema, "Nimeandika gunia limejaa."

Lilikuwa jina la mji yanakopelekwa magunia. Bombay. Miaka ishirini na kitu nimeandika jina la mji wa watu nikidhani nahesabu karafuu. Walicheka mpaka Kheri akaangukia dawati. Nami nilicheka, na nilipokaa chini nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua kama anao. Rukia akaniandikia jina langu kwenye daftari nililokuja nalo la kumbebea mama yako. Ndivyo nilivyoingia skuli.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Herufi ninazojua kuzichora kuliko mwalimu zilinikataa kuzisoma. Mama yako alinipita kwa miezi miwili, na akawa ananikosoa nyumbani mbele ya kuku. Lakini kuna siku nilitoka kisomoni nikapita mtaa ule ule ninaoupita tangu utoto, na kuta zikaanza kusema. Duka hili limeandikwa jina la mwenyewe. Ukuta ule umeandikwa usikojoe hapa, na mimi nimekojoa pale miaka yote kwa moyo safi. Nilisimama kila baada ya hatua tatu. Watu walidhani nimeshikwa na kiuno.

Kisha ikaja siku ya Bi Hadia. Alikuja kisomoni na barua zake zote ndani ya kitambaa, akamwomba Rukia ruhusa asome moja mbele yetu. Akafungua ya miaka minne nyuma. Akasoma polepole kama mtu anayevuka matope, neno, anapumzika, neno. "Mama. Nimeoa. Mke wangu anaitwa Mwanaidi. Sasa ana mimba."

Barua ile mimi nilimsomea kuwa mwanawe anataka atafutiwe mke. Nilimwona usoni anatamani kusikia hivyo, nikampa. Akapeleka posa kwa binti mmoja wa Chwaka, mwanangu, bila kungoja neno jingine la mwanawe. Akakubaliwa. Binti wa watu alingoja mwaka mzima ndipo wazee wake wakamwoza mwingine, na Bi Hadia akamkasirikia mwanawe kwa kumtia aibu.

Aligeuka taratibu kwenye dawati lake. Hakupiga kelele. Akasema, "Mzee Makame. Wewe ulikuwa unasoma barua, au ulikuwa unasoma uso wangu?"

Nikasema, "Uso wako, Bi Hadia. Ndiyo herufi pekee niliyokuwa nikiijua."

Nilidhani atanirushia kiatu. Alitazama barua, akanitazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na kulia pia kulikuwamo. Akasema, "Nina mjukuu. Nina mjukuu wa miaka mitatu na wewe umeniletea salamu za paka." Adhabu yake unaijua, ila sababu yake hukuijua: kila nikipita barazani kwake huniambia, "Salamu nyingi kama mchanga wa pwani, Mzee Makame." Barua yake ya kwanza kuiandika kwa mkono wake ilikuwa ya kumwita mwanawe. Wamekuja Idi hii na watoto wawili. Wameshafundishwa kuniita Babu Salamu.

Nilitoka darasani siku ile nikicheka na wenzangu, na nilipofika njia panda kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimekumbuka kuwa na mimi ninayo barua moja.

Unaujua ule mkebe wangu wa biskuti ninaowekea hati na miwani. Barua yako ilikuwamo, chini kabisa. Sikuitupa, kwa sababu ilikuwa ya kwanza yako. Niliitunza miaka saba kama mtu anavyotunza picha. Nikaitoa. Mama yako alikuwa anachambua mchele. Nikakaa karibu naye, nikasoma kwa sauti, bila miwani. Ilikuwa na mistari mitano. Nakuandikia hapa kama ilivyo, maana labda umeisahau, au labda ndiyo kitu usichokisahau.

"Baba. Mimi Saada. Njoo unichukue. Naogopa. Kama mama amekufa niambie."

Na mimi nikakuletea makubadhi.

Mama yako aliacha ungo. Punje zilimwagika, hakuziokota, na unajua mama yako na punje. Tukakaa. Nilimwambia yote, ya barazani, ya kitandani pake, ya hatua kumi na mbili. Alitazama miguu yake, halafu akasema, "Ndiyo maana alinishika miguu. Alikuwa anatazama kama ina joto." Kisha akasema, "Mwambie." Na akaendelea na mchele.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara nne. Mara ya kwanza ulikuwa unafua, nikaishia kusifu sabuni. Mara ya pili nilikuuliza kama unakumbuka Bwejuu, ukasema, "Nakumbuka, Baba," ukainuka. Mdomo wangu una mazoea mabaya, Saada. Ukiona uso wa mtu unageuka, nao unageuza maneno. Karatasi haina uso. Ndiyo nikaamua kuandika, na kwa mara ya kwanza nikajua nasomea nini. Wenzangu walilijibu swali la Rukia siku ile ya kwanza. Mimi jibu langu limechelewa mwaka.

Sikuombi unisamehe haraka. Mambo ya haraka ndiyo yaliyoniponza. Ninachokuomba ujue ni hiki: hukukataliwa. Ulimwita baba yako, na baba yako alikuwa kiziwi, na alikuwa anaona haya kusema kuwa ni kiziwi. Miaka saba ulidhani nilisoma, nikajua unaogopa, nikakuletea viatu. Sikujua. Mtoto wa miaka kumi alijua kuandika ukweli kwa mistari mitano, na mzee mzima akausoma uongo mbele ya watu saba.

Mama yako anasema hofu ile ndiyo iliyokupeleka kwenye uuguzi. Mimi sijui. Ona, nimeiandika: sijui. Ni neno dogo, na kwangu limekuwa gumu kuliko Bombay. Huko uendako utapewa chupa na karatasi za madaktari, na utakuja siku utazame maandishi ya mtu usiyaelewe, na mgonjwa anakutazama usoni, na wewe umevaa nguo nyeupe iliyopigwa pasi. Siku hiyo umkumbuke babako na miwani yake. Zihesabu hatua mpaka mlango wa tatu, uende ukaulize. Zikiwa nyingi sana ni kumi na mbili.

Na wakubwa wakimwambia mtoto "mama hajambo," wewe mshike mkono umpeleke akamwone. Wakikukataza, mletee hata kiatu cha mama yake chenye vumbi la leo.

Nimefika kwenye kabati sasa, nalo limepita mlangoni. Kimebaki kitu kimoja. Barua ikiandikwa hujibiwa. Hiyo ndiyo adabu, na yako sikuijibu. Jibu lake hili hapa, limechelewa, sina wa kumlaumu. Kesho nitakukabidhi karatasi hizi pamoja na sanduku lako, na usisome mpaka meli iondoke, kwa sababu sitaki kukuona uso. Nimeshaapa kutosoma nyuso.

Kwa Saada Makame, kwa shangazi Mosi, Bwejuu.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mwenyewe. Mama yako hajafa. Amepasuliwa tumbo, ameshonwa, anakula uji, na leo ameuliza mara tatu lini utarudi. Usiogope. Fungasha nguo zako, umuage shangazi, ukae barazani. Nakuja kukuchukua kwa gari la kwanza.

Na huko Dar es Salaam, siku yoyote ukiyaandika tena maneno yale mawili, "Njoo unichukue," hata kwa kalamu iliyokwisha wino, mimi nitayasoma.

Baba yako,
Makame,
si kwa dole gumba.